Sura ya Saba: Mparachichi Katika Nchi ya Sakitu

Shuka bondeni asubuhi ya Juni katika nyanda za Njombe au Makete na utakuta hasara ambayo wakulima wengi wa parachichi wameilipia kwa fedha zao. Miche ya kitalu kimoja, iliyopandwa siku moja, imegawanyika makundi mawili. Ile ya mteremkoni imesimama na majani yake mabichi. Ile ya chini, karibu na kijito, imeungua ncha, majani yamekuwa ya kahawia na yananing'inia. Baina ya mche uliopona na uliokufa hazifiki hatua mia. Mbolea ni ileile, udongo ni uleule, mkulima ni yuleyule. Kilichotofautiana ni hewa iliyolala juu ya miche usiku ule.

Nyanda za Juu Kusini zimeingia katika kilimo cha parachichi kwa kishindo. Mashamba yaliyokuwa ya mahindi na miwati sasa yana mistari ya Hass, na tangu Novemba 2022, Tanzania ilipotia saini makubaliano ya kupeleka parachichi China, hamu ya kupanda imezidi. Watu wanapanda juu zaidi na chini zaidi, hadi mahali ambapo mti huu haujawahi kujaribiwa. Hoja ya sura hii ni moja: vita ya mparachichi na baridi huamuliwa kabla jembe halijagusa ardhi. Anayechagua vizuri mbegu na mahali, baridi humletea faida. Anayekosea hapo hawezi kuokolewa na dawa wala mbolea.

Asili tatu za mti mmoja

Mparachichi, ambao wataalamu huuita Persea americana, ni mti wa Mexico na Amerika ya Kati. Huko kwao uligawanyika zamani katika asili tatu, kila moja na hali yake ya hewa.

Asili ya kwanza ni ya milima ya Mexico. Matunda yake kwa kawaida ni madogo, ngozi ni nyembamba na laini, nyama ina mafuta mengi. Ukifikicha jani lake utasikia harufu inayokaribia ile ya bizari tamu, na Wamexico hutumia majani hayo kuungia chakula. Hii ndiyo asili inayostahimili baridi kuliko zote: mti wake uliokomaa unaweza kuvumilia usiku mfupi wa karibu nyuzi 5 chini ya sifuri.

Asili ya pili ni ya nyanda za juu za Guatemala. Ngozi yake ni nene na ngumu, na matunda hukaa mtini muda mrefu, mwaka mzima au zaidi, kabla ya kukomaa. Huvumilia baridi ya wastani, lakini ikipita nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri huanza kuumia. Asili ya tatu huitwa ya West Indies, ingawa kwao ni tambarare za joto za Amerika ya Kati. Matunda yake ni makubwa, yana maji mengi na mafuta machache. Mti huu hupatana na joto la Pwani, na baridi ya kuganda, hata ikiwa ndogo, huutia majeraha.

Aina nyingi tunazozijua leo ni machotara. Fuerte ni mchanganyiko wa Mexico na Guatemala, na Hass pia ni mchanganyiko wa asili hizohizo mbili. Kwa uvumilivu, Fuerte humzidi Hass kidogo, na aina ya Bacon huwazidi wote wawili. Hass huanza kupata madhara baridi inapofika karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Hizo ni hesabu za mti mzima. Mche wa mwaka mmoja huumia mapema zaidi, na maua na matunda machanga huumia kabla ya majani.

Januari 1913

Kilimo cha kisasa cha parachichi kilipata funzo lake kubwa la baridi huko California. Mwaka 1911, kampuni ya miche iliyoitwa West India Gardens, ya mji wa Altadena, ilimtuma Carl Schmidt kwenda Mexico kutafuta miparachichi bora. Alizunguka masokoni akitafuta matunda mazuri, kisha akauliza yametoka mti gani, akaufuata mti wenyewe. Katika mji wa Atlixco, jimbo la Puebla, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, alikata vikonyo vya mti mmoja na kuvituma nyumbani vikiwa na namba 15.

Vikonyo vile vilibebeshwa, vikashika, vikakua. Januari 1913 baridi kali ikaipiga California, na miti mingi michanga ya bustani ile ikafa. Miti ya namba 15 ikabaki hai. Wenye bustani wakaipa jina la Fuerte, neno la Kihispania la kitu chenye nguvu, na kwa miongo kadhaa iliyofuata Fuerte ndiye aliyetawala mashamba ya California. Aina nyingine zilikuwa na matunda matamu vilevile. Fuerte alitawala kwa sababu mti wake ulikuwa bado hai baridi ilipoondoka.

Hass alikuja baadaye kwa njia ya bahati. Rudolph Hass, mpeleka barua, alipanda mbegu katika kiwanja chake huko La Habra Heights katika miaka ya 1920, akijaribu kubebesha Fuerte juu ya mche uliotoka. Vikonyo havikushika. Akauacha mti ukue wenyewe, ukazaa matunda yenye ngozi ya vipele inayogeuka nyeusi ikiiva, na mwaka 1935 akapata hataza ya aina hiyo. Hass alimpita Fuerte kwa sababu ngozi yake nene husafiri vizuri na mti wake huzaa kwa wingi. Kwa uvumilivu wa baridi hakumpita. Mnunuzi wa Ulaya anapochagua Hass anachagua ngozi na ladha, na kazi ya kuulinda mti dhidi ya sakitu inabaki kwa mkulima.

Jinsi sakitu inavyoshuka

Wengi hudhani sakitu huja na baridi ya msimu tu. Kenya inatuonyesha vingine. Katika nyanda zake za juu, Julai ni mwezi wa baridi na mawingu, watu hushinda na makoti, lakini chai ya Kericho imewahi kuunguzwa na sakitu Januari, wakati wa kiangazi chenye jua kali. Kinachoamua ni anga la usiku. Ardhi hupokea joto la jua mchana kutwa na kulirudisha angani usiku kucha. Mawingu yakiwepo, hulizuia joto hilo na kulirejesha chini. Anga likiwa wazi, joto hupotea moja kwa moja, na majani hupoa kuliko hata hewa iliyoyazunguka. Upepo ukitulia, hewa ya chini haichanganyiki na ile ya juu yenye joto kidogo. Hewa ikiwa kavu, hakuna umande wa kutosha wa kupunguza kasi ya kupoa. Anga wazi, utulivu na ukavu vikikutana kwenye mwinuko mkubwa, sakitu imefika.

Njombe, Juni na Julai ni miezi ya kipupwe na ya ukavu kwa pamoja, ndiyo maana hatari yake hukusanyika hapo. Tukuyu, yenye mvua nyingi na mawingu ya mara kwa mara, hupumua kidogo.

Jambo la pili ni mwendo wa hewa yenyewe. Hewa iliyopoa ni nzito, na hutiririka kama maji: hufuata mteremko, hujaza mabonde, na husimama nyuma ya kizuizi chochote. Wakulima wa Njombe na Iringa wanazijua sehemu za chini zinazoitwa vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa sababu zina unyevu. Kwa mboga, kinyungu ni baraka. Kwa mparachichi ni mahali pa mauti, kwa kuwa hewa yote baridi ya mlima huishia pale.

Kizuizi kinaweza kuwa cha kutengenezwa na mkono wa mtu. Ukipanda mistari iliyobanana ya miwati au misonobari upande wa chini wa shamba ili kukinga upepo, umejenga ukuta unaoishika hewa baridi ndani. Kinga ya upepo inahitajika, hasa maeneo kama Makambako ambako upepo huvunja matawi na kukwaruza matunda. Lakini ile ya upande wa chini ipogolewe matawi ya karibu na ardhi, au iachiwe nafasi, hewa baridi ipite iende zake.

Kusoma shamba kabla ya kuchimba shimo

Mkulima mwenye subira ya mwaka mmoja anaweza kujua kila kitu anachohitaji. Apite shambani alfajiri za Juni na Julai, jua halijatoka, aangalie nyasi zimekuwa nyeupe wapi na wapi hazikuwa. Achome vijiti kwenye mpaka wa weupe huo. Mpaka utahama usiku hadi usiku, lakini ule wa juu kabisa ndio wa kuheshimu. Awaulize wazee waliozaliwa hapo ni mwaka gani sakitu ilipanda juu zaidi, kwa sababu mparachichi utaishi miaka mingi na lazima utakutana na mwaka kama huo.

Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku hakina gharama kubwa ukilinganisha na bei ya miche. Vining'inizwe viwili, kimoja juu ya mteremko na kimoja chini, kwenye urefu wa mche. Kwa kawaida joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda mlima. Usiku wa sakitu kanuni hiyo hugeuka: sehemu ya chini ya bonde huwa baridi kuliko katikati ya mteremko. Ukanda huo wa katikati ndio wa kupandia parachichi.

Kwetu kusini mwa ikweta, jua la Juni liko upande wa kaskazini. Mteremko unaotazama kaskazini hupokea jua zaidi mwezi huo, na udongo wake huingia usiku ukiwa na akiba kubwa ya joto. Mwenye kuchagua baina ya miteremko miwili iliyo sawa kwa mengine yote, achague huo.

Udongo nao usomwe. Mparachichi hauvumilii maji yaliyotuama. Kimelea kinachoitwa Phytophthora cinnamomi huishi kwenye udongo wenye majimaji na kuozesha mizizi midogo, na mti wenye mizizi mibovu hufa kwa baridi ambayo mwenzake wenye afya ungeivumilia. Mti wa kwanza kabisa wa Hass wenyewe ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Bonde basi lina hatari mbili mahali pamoja, sakitu juu na maji chini.

Mche na mwaka wake wa kwanza

Mche uliobebeshwa ni miti miwili. Sehemu ya juu inatoa matunda ya Hass, na sehemu ya chini inatoa mizizi. Wanunuzi wengi kitaluni huuliza ya juu tu. Katika nchi ya baridi, uliza pia mbegu ya chini imetoka wapi. Mbegu ya mti uliozoea mlima, hasa ule wenye majani ya harufu ya bizari tamu, ni msingi bora kuliko mbegu ya tunda la Pwani lililonunuliwa sokoni.

Panda mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili mche upate miezi sita au zaidi ya kushika ardhi kabla ya Juni. Mche uliopandwa Machi huingia kipupwe ukiwa bado mgeni. Mbolea ya naitrojeni isimamishwe miezi miwili au mitatu kabla ya baridi, kwa sababu huchochea machipukizi laini yenye maji mengi, na hayo ndiyo huungua kwanza. Samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda inatosha kuupa mche mwanzo mzuri.

Kipupwe kinapokaribia, jengea kila mche kibanda cha nyasi au mabua ya mahindi, kilichofunikwa juu na kuachwa wazi upande wa jua la asubuhi. Kazi ya kibanda ni kuzuia joto la ardhi lisipotelee angani, kwa hiyo paa ni muhimu kuliko kuta. Shina lifukiwe udongo mkavu hadi juu kidogo ya kiungo cha kubebeshea. Sakitu ikiua kilicho juu, sehemu iliyofukiwa itachipua tena Hass. Usipofanya hivyo, mche wa chini ndio utakaochipua, na miaka baadaye utavuna matunda usiyoyajua. Baridi ikiisha, ondoa udongo huo mara moja ili shina lisioze.

Matandazo ni rafiki wa mparachichi karibu mwaka mzima, kwa kuwa hutunza unyevu na mizizi. Lakini nyasi nene juu ya ardhi huzuia udongo kunywa joto la mchana na kulirudisha usiku. Kwa majuma ya hatari, yasogeze kando, acha udongo wazi, ulioshikamana na wenye unyevu. Kumwagilia mchana wa kuamkia usiku wa baridi husaidia, kwani udongo mbichi hubeba joto jingi kuliko mkavu.

Usiku wenyewe, na asubuhi yake

Mashamba makubwa ya California hutumia mapangaboi marefu yanayoshusha hewa ya juu yenye joto, au hunyunyiza maji usiku kucha. Maji yanapoganda hutoa joto, kilojuli 334 kwa kila kilo, na joto hilo hulinda tawi lililo ndani ya barafu lisishuke zaidi. Njia hii ina sharti gumu: ukianza, usisimame mpaka barafu iyeyuke. Maji yakikatika saa kumi alfajiri, uvukizi utaupoza mti kuliko kama hungemwaga kitu. Asiye na maji ya uhakika asianze.

Kuchoma matairi au majani mabichi ili moshi uufunike mti ni kazi bure. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto linalopanda kutoka ardhini, na moshi ukibaki asubuhi huchelewesha jua. Kinachosaidia katika moto ni joto lake, na ili lifae inahitajika mioto midogo mingi iliyosambazwa.

Sakitu ikishapiga, shikilia panga lako. Mti huonekana umekufa zaidi kuliko ulivyo, na haiwezekani kujua uhai umeishia wapi mpaka machipukizi yatoke, jambo linaloweza kuchukua miezi. Anayepogoa mapema hukata matawi yaliyo hai na kuuchochea mti utoe machipukizi kabla baridi haijaisha. Cha haraka ni chokaa. Matawi yaliyopoteza majani sasa yanapigwa na jua moja kwa moja, na gome la mparachichi huungua kirahisi. Paka chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji, subiri, kisha pogoa pale uhai unapojionyesha.

Faida ya baridi

Baridi isiyofika kuganda ina faida zake na gharama zake. Gharama huanzia kwenye maua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa la kike, kisha siku inayofuata likiwa la kiume. Hass ni wa kundi A: ua lake hupokea chavua asubuhi na kutoa chavua kesho yake mchana. Fuerte ni wa kundi B na hufanya kinyume, ndiyo maana kuchanganya miti michache ya kundi B kati ya Hass husaidia. Siku za baridi ratiba hii huvurugika, maua huchelewa kufunguka, na nyuki hubaki mizingani. Kwa hiyo mashamba ya juu yanahitaji mizinga karibu, na dawa za wadudu zikae mbali na msimu wa maua.

Faida huja baada ya tunda kushika. Katika hali ya ubaridi tunda hukomaa polepole na kuendelea kujaza mafuta likiwa mtini. New Zealand, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye baridi zaidi zinazolima Hass kibiashara, huacha matunda mtini hata zaidi ya mwaka, na mkulima huchagua mwezi wa kuvuna kwa kufuata soko. Parachichi haliivi likiwa mtini. Huiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo mti wenyewe ni ghala.

Ghala hilo halitakiwi kufunguliwa mapema. Tunda la mlimani linaweza kuwa kubwa kwa macho na bado halijakomaa, na likichumwa litanywea na kuwa kama mpira. Kipimo ni kiasi cha kitu kikavu: sampuli ya nyama hupimwa uzito, hukaushwa hadi uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya. California huitaka Hass iwe na angalau asilimia 20.8. Mkulima wa Njombe asikubali kalenda ya mnunuzi wa jirani, aliyeko mita 500 chini yake, iwe kalenda yake. Wala asiache mzigo mzito mtini muda mrefu mno, kwa sababu mti wenye mazao ya mwaka jana na maua ya mwaka huu kwa pamoja huchoka, na msimu unaofuata huzaa kidogo.

Neno kwa anayetaka kupanda

Bonde lako la sakitu si ardhi mbaya. Viazi, njegere na mboga hulimwa na kuvunwa kabla ya usiku wa hatari, na matufaa, ambayo hutaka baridi ili yachanue vizuri, yamekuwa yakilimwa Makete. Mazao ya msimu huweza kuikimbia sakitu. Mparachichi hauwezi kukimbia. Shamba ambalo nyasi zake huwa nyeupe kila Juni halifai parachichi, hata bei ya soko ipande kiasi gani, na afisa au muuza miche anayekuambia vinginevyo mwombe akuonyeshe mti mzima uliozaa mahali kama hapo.

Anza na miche michache katikati ya mteremko. Ipitishe vipupwe viwili. Inayopona ndiyo itakayokuambia ununue mingapi zaidi.